Mita ya Gari Ilipomsingizia Dereva Wetu

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Tumeombwa tuseme habari za gari letu la kikundi. Wengi wenu mmeliona likipita na mikebe ya maziwa. Ni Land Rover Series III, ile fupi inayoitwa 88, kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 88. Aina hiyo ilianza kutengenezwa Solihull, Uingereza, mwaka 1971, ikaachwa 1985. Letu ni la mwaka 1976. Siku hizi matajiri huyaita magari kama hayo ya kumbukumbu, wanayapaka rangi na kuyapeleka maonyeshoni. Sisi tulilinunua kwa Harambee, na kila asubuhi lazima lifike kwenye mtambo wa kupoza maziwa.

Lakini hatukuja kujisifu kwa gari. Tumekuja kuungama kosa letu, na kuwaonyesha jinsi ya kupima mita ya gari kuukuu ili nyinyi msianguke mahali tulipoanguka sisi.

Mtungi mmoja kila mwezi

Januari 2023 magurudumu yetu yalikuwa yamekwisha kabisa. Tukapata mengine manne kwa bei nzuri, makubwa kidogo, yenye meno ya kushika matope. Tukafurahi. Gari liliinuka, na ule mlima wa kanisani likawa linaupanda bila kuteleza.

Sasa, kikundi chetu kina daftari la gari. Kila safari dereva anaandika kilomita za kuondoka na za kurudi, na petroli iliyotiwa. Mwisho wa mwezi mama mweka hazina anapiga hesabu. Kwa miaka mingi gari letu lilikuwa linakwenda karibu kilomita 6 kwa lita moja. Si nzuri, lakini tulikuwa tumezoea.

Mwezi wa pili daftari likaonyesha kilomita 1,080 na petroli lita 200. Gawanyeni wenyewe: ni kilomita 5.4 kwa lita. Kwa kawaida yetu, kilomita 1,080 zilitakiwa kula lita 180. Lita 20 zimekwenda wapi? Lita 20 ni mtungi mmoja kamili. Mwezi wa tatu vivyo hivyo. Mwezi wa nne vivyo hivyo.

Ndugu zetu, mnajua maneno ya kijijini. Mtungi ulikuwa umeshapatiwa mwenyewe kabla ya mkutano kuitishwa. Dereva wetu ni mzee mwenye umri wa babu, ameendesha magari tangu ujana wake, na hapati mshahara bali posho ndogo tu. Tulimwita mbele ya kamati, tukamwonyesha daftari. Tulimwambia hesabu haina upendeleo. Akatutazama, akasema maneno machache: "Mimi sijui hesabu zenu. Najua petroli yote iliingia kwenye gari." Kisha akaweka ufunguo mezani, akaenda zake.

Posho yake ya miezi mitatu tukaizuia. Hilo tunalisema kwa aibu.

Spea ndiyo iliyosema kweli

Wiki mbili baadaye kijana mmoja aliyesomea ufundi katika chuo cha hapa karibu alikuwa akiendesha badala ya mzee. Akapata pancha njiani. Alipoteremsha spea akaona haikai sawa na tairi alilolitoa. Spea ilikuwa ndogo. Akasoma maandishi ubavuni: 6.00-16. Akasoma yale manne ya chini: 7.50-16. Sisi tulinunua manne, na spea tukaiacha ile ya zamani.

Kijana akarudi akatuuliza, "Mlipobadilisha magurudumu, mlibadilisha na mita?"

Hatukumwelewa. Basi akatuonyesha. Alichora alama ya chaki kwenye tairi na chini, akasukuma gari mpaka alama ikazunguka mara kumi, akapima kwa kamba ya fundi wa nyumba. Magurudumu makubwa yalikwenda mita 24.4 kwa mizunguko kumi. Yale madogo ya zamani yangekwenda kama mita 22. Mnaona? Kila mzunguko gari linakwenda mbele zaidi kuliko zamani, lakini mita haijui. Mita haioni barabara. Inahesabu mizunguko tu, na bado inaamini kila mzunguko ni ule wa tairi dogo.

Tukaenda barabara ya lami penye vile vijiwe vya kilomita. Tukapita vijiwe kumi na moja, yaani kilomita 10 kutoka cha kwanza hadi cha mwisho. Mita ikasema 9.

Sasa rudini kwenye daftari. Zile kilomita 1,080 zilikuwa kweli kilomita 1,200. Gawanya 1,200 kwa lita 200. Jibu ni 6. Ile ile 6 yetu ya siku zote. Hakuna mtungi ulioibwa. Hakuna hata kikombe.

Tulikaa kimya katika ile Land Rover kando ya barabara, na mama mweka hazina akalia.

Mita inafanyaje kazi?

Tangu siku ile tumejifunza kitu hiki kwa undani, na hebu tuwaeleze kwa lugha rahisi. Kwenye uso wa mita kuna vitu viwili: spidomita, yaani mshale wa mwendo, na maileji, yaani zile tarakimu za kilomita. Vyote viwili vinaendeshwa na waya mmoja unaozunguka ndani ya ala yake kutoka nyuma ya giaboksi. Waya huo unachukua mzunguko baada ya gia zote, kwa hiyo ukiwa gia ya kwanza au ya nne, hesabu haibadiliki. Inafuata magurudumu.

Maileji inaendeshwa kwa meno ya gia. Waya ukizunguka mara kadhaa, tarakimu inasogea. Hakuna zaidi.

Mshale ni tofauti. Waya unazungusha sumaku ndani ya kikombe chembamba cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, lakini ikizunguka inakivuta. Springi nyembamba kama unywele inakizuia. Sumaku ikikimbia zaidi, kikombe kinavutwa zaidi na mshale unapanda. Ufundi huo aliuandikisha Mjerumani aitwaye Otto Schulze mwaka 1902, na magari kuukuu yaliutumia kwa miaka mingi sana.

Ukijua hayo, unaweza kuitambua shida bila kufungua kitu:

1. Mshale na maileji vyote vinakosea kwa kiasi kile kile: tatizo ni magurudumu, au gia za nyuma, au mita ya gari lingine imefungwa.

2. Maileji ni sawa lakini mshale unakosea: tatizo ni springi au sumaku. Sumaku huchoka kwa miaka.

3. Mshale unarukaruka kama panzi: waya umekauka au umekunjwa.

4. Mshale unafanya kazi lakini tarakimu zimesimama: gia ndogo ya ndani imevunjika.

5. Vyote viwili vimekufa: mara nyingi waya umekatika.

Kupima wenyewe

Hamhitaji mashine ya bei ghali. Mnahitaji watu wawili, saa yenye sekunde, kalamu na subira.

Kwanza, jazeni upepo inavyotakiwa na mpakie gari mzigo wake wa kawaida. Tairi lenye upepo kidogo huwa fupi kidogo. Tairi lililolika nalo huhitilafiana na jipya kwa mbili au tatu kwa mia.

Pili, pimeni maileji kwa kilomita 10 au zaidi. Msipime kwa kilomita moja, maana tarakimu ya mwisho ni sehemu ya kumi ya kilomita, na kwa safari fupi hamtaona kosa vizuri. Kama vijiwe vya barabara yenu vimeng'olewa, simu ya kisasa inayopokea habari za setilaiti inaweza kuwapa umbali huo. Gawanyeni umbali wa kweli kwa umbali wa mita. Sisi tulipata 10 kwa 9, yaani 1.11. Hiyo ndiyo nambari ya kuzidishia.

Tatu, pimeni mshale. Dereva ashike mwendo mmoja, tuseme 60, mahali tambarare pasipo na watu wala magari mengi. Aliye kando yake, si dereva, ahesabu sekunde kutoka kijiwe hadi kijiwe. Mwendo wa 60 ni kilomita moja kwa sekunde 60. Sisi tulitumia sekunde 54. Chukueni 3,600, gawanyeni kwa sekunde zenu. Kwetu ni 3,600 kwa 54, karibu 67. Mshale ukisema 60, sisi tulikuwa tunakimbia 67.

Hapo ndipo tuliogopa zaidi. Kwenye miji na masoko sheria inasema 50. Mzee wetu alikuwa anashika 50 kwa uaminifu, na kumbe anakwenda 55 na zaidi, penye watoto wa shule. Mshale ukisema 80, kweli ni karibu 89. Kanuni za kimataifa za magari mapya zinakubali spidomita izidishe kidogo, lakini haziruhusu kamwe ipunguze. Yetu ilikuwa inapunguza. Ilikuwa inakosea upande wa hatari.

Kurekebisha, kutoka njia rahisi hadi ya gharama

Njia ya kwanza haina gharama. Andikeni kadi, ibandikeni mbele ya dereva. Yetu ilisema: mshale 45, kweli 50, mshale 72, kweli 80. Na kwenye daftari, kila mwisho wa mwezi zidisheni kilomita kwa 1.11 kabla ya kugawanya kitu chochote. Tulikaa hivyo miezi minne.

Njia ya pili ni kutafuta mita inayolingana na magurudumu. Kwenye uso wa mita nyingi za zamani kuna nambari ndogo, wengi hawaioni. Inasema waya uzunguke mara ngapi kwa maili moja au kilomita moja. Kwenye mita za VDO za Ujerumani mtaona herufi W na nambari kando yake. Ili mjue nambari mnayoihitaji, fungueni waya nyuma ya mita, bandikeni kipande cha karatasi kwenye ncha yake kiwe kama mshale, toeni gari gia, msukume mita 20 zilizopimwa huku mtu akihesabu mizunguko. Zidisheni kwa 50. Kwa mfano, waya ukizunguka mara 16, basi ni 800 kwa kilomita. Kama mita yenu imeandikwa 890, ndiyo maana inasoma pungufu: inangoja mizunguko 890 ndipo ihesabu kilomita moja, na kilomita ya kweli imeshapita. Kama mita yenu ni ya maili, kumbukeni maili moja ni kilomita 1.609.

Kwa bahati, Land Rover ndefu, ile 109, ilitoka kiwandani na magurudumu makubwa kama haya yetu na mita yake tofauti. Tukatuma kijana Nairobi, akazunguka Kirinyaga Road na Grogan kwa wauza spea siku nzima, akapata mita ya 109. Tukaifunga, tukarudi kwenye vijiwe vyetu. Kilomita 10, mita ikasema 10.

Njia ya tatu, kwa magari ambayo mita yake haipatikani: magari mengi yana gia ndogo ya kuendesha waya kwenye giaboksi, nayo hubadilishwa kwa yenye meno zaidi au pungufu. Au fundi wa mita anaweza kutia kiboksi kidogo cha gia katikati ya waya.

Lakini tunawasihi, msifungue mita na kusogeza mshale kwa mkono. Tuliwaza hivyo na sisi. Mshale ukiusogeza kwa kumi, utaongeza kumi kwenye 20 na kumi kwenye 80, na hautakuwa kweli popote. Tena maileji itabaki na kosa lake lile lile. Springi na sumaku ni kazi ya fundi wa mita peke yake.

Waya mnaweza kuutunza wenyewe. Uchomoeni, uoshwe kwa mafuta ya taa, upakwe grisi nyepesi kidogo tu. Sehemu ya juu, kama sentimita 20 kabla ya mita, iacheni kavu, kwa sababu grisi hupanda mpaka ndani na kuharibu kikombe. Waya usipindwe kona kali.

Na neno moja la uaminifu. Mkibadilisha mita, andikeni kwenye daftari siku ile: mita ya zamani ilisoma ngapi, mpya inaanza na ngapi. Siku mtakapouza gari, mwonyesheni mnunuzi ukurasa huo. Kurudisha nyuma tarakimu ili gari lionekane changa ni wizi, hata kama unafanyika kwa bisibisi.

Watu wa Safari walijua

Vijana mnapenda mbio za Safari. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, na Peugeot 504, gari ambalo wazee wetu walisafiri nalo sana, lilishinda mwaka 1975 na tena 1978. Aliyekaa kando ya dereva alisoma karatasi ya njia: baada ya kilomita kadhaa, pinda kulia. Maileji ikikosea moja kwa kumi, atatafuta njia panda mahali ambapo ni shamba la mahindi. Ndiyo maana kabla ya kuanza walipitisha gari kwenye kipande kilichopimwa na kurekebisha mita. Kulikuwa na chombo cha kutoka Uswidi, Halda, ambacho gia zake ndogo zilibadilishwa hadi kilingane na gari husika. Na mbio za magari kuukuu zilizoanza hapa kwetu mwaka 2003 zinahitaji uangalifu ule ule.

Kama watu wa michezo wanapima mita yao kwanza, sisi tunaobeba maziwa ya wajane na kumshtaki mzee kwa daftari, je, haikutupasa zaidi?

Tuliyojifunza

Mizani yetu ya maziwa hukaguliwa na ofisa wa vipimo, akaigonga muhuri. Mwanachama akilalamika kwamba kilo zake zimepungua, tunaweka jiwe la kupimia na kuhakikisha. Lakini mita ya gari la miaka karibu hamsini hatukuiuliza hata siku moja. Tuliiamini kuliko mtu tuliyemjua miaka yote. Mithali sura ya 11 inaanza na habari ya mizani, nasi tulikuwa tumeihubiri mara nyingi kuhusu wafanyabiashara wa sokoni. Hatukufikiri inatuhusu sisi kamati.

Tena tulipata hasara wenyewe. Wanaokodi gari wanatulipa shilingi 60 kwa kilomita. Kila mwezi kilomita 120 zilikuwa hazihesabiwi, kwa hiyo shilingi 7,200 zilipotea. Tulikuwa tukimtafuta mwizi wa mtungi, huku mita ikitoa mfukoni mwetu mchana kweupe.

Siku ya mkutano mkuu tulimwomba mzee aje. Hakutaka. Baba mchungaji akaenda na mwenyekiti nyumbani kwake mara mbili. Alipokuja, hatukuomba radhi chumbani, maana hatukumshtaki chumbani. Mwenyekiti alisimama mbele ya wanachama wote, akasoma hesabu ile ubaoni, 1,080 na 1,200, akasema, "Mzee, tumekukosea." Tukamlipa posho yake ya miezi mitatu. Mama mweka hazina akampa ufunguo kwa mikono miwili.

Mzee aliupokea. Akatuambia amesamehe, lakini kuna nyumba ambazo bado watoto wanamwita jina la mtungi. Jina hilo hatuna njia ya kulipima wala kulirekebisha. Ndiyo sababu tunasimama mbele yenu leo na kulisema kosa letu kila tunapoalikwa.

Basi mkirudi nyumbani, kabla hamjafungua daftari na kumwita mtu, tokeni nje mkatazame magurudumu. Someni nambari ubavuni. Nendeni kwenye vijiwe vya barabara. Pimeni mita kwanza, ndipo mpime mtu.

Mungu awabariki.

*Maswali ya kuzungumzia kikundini*

1. Kikundi chetu kinatumia vipimo gani: mizani, debe, mita ya maji, mita ya gari? Mara ya mwisho tulivihakikisha lini?

2. Hesabu ikikataa kulingana, ni nani tunayemwita kwanza? Kwa nini?

3. Kama kamati imemkosea mwanachama mbele ya watu, itaomba radhi wapi?